Allidina Visram: tajiri aliyewafunza kazi washindani wake

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Mfanyabiashara yeyote wa Kikuubo anaifahamu hofu hii. Unamchukua kijana, unamweka dukani, unamwonyesha mzigo unatoka wapi, nani anauza kwa bei ya chini, wakala gani wa forodha pale Malaba anafanya kazi bila usumbufu, na mteja gani wa Juba au Goma analipa kwa wakati. Baada ya miaka mitatu kijana anaaga. Mwezi unaofuata unamwona mtaa wa pili akiuza mzigo uleule, kutoka kwa mwuzaji uleyule uliyemtambulisha wewe mwenyewe.

Wasafirishaji nao wana yao. Mwenye malori mawili anaingia ubia na kampuni kubwa, anaiambia njia zake, vituo vyake vya mafuta na viwango anavyotoza. Mkataba unapoisha anakuta wateja wake wameshahamia kwa mbia.

Je, dawa ni kuficha kila kitu? Suala hili si geni katika jiji hili. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtu mmoja alilijibu kwa namna yake, akawa tajiri kuliko mfanyabiashara mwingine yeyote wa zama zake kati ya Mombasa na mpaka wa Kongo. Jina lake ni Allidina Visram. Maisha yake yana mafunzo mawili. La kwanza ni faida ya kugawa maarifa. La pili, ambalo huzungumzwa mara chache, ni hasara ya yale ambayo hakuyagawa.

Kijana wa Bagamoyo

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Waismailia. Mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alivuka bahari na kufika pwani yetu bila mtaji wa maana. Shule yake kubwa ikawa duka.

Alipata kazi Bagamoyo katika nyumba ya biashara ya ukoo wa Paroo, ambayo baadaye iliongozwa na Sewa Haji Paroo, mtu ambaye jina lake bado linakumbukwa Dar es Salaam kwa sababu ya hospitali aliyoifadhili. Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa kuandaa misafara: kutafuta wapagazi, kufunga mizigo, kukopesha bidhaa, na kupokea pembe za ndovu kutoka bara.

Msomaji asidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya nguvu tu. Mtaji mkubwa wa msafara ulikuwa habari. Ilibidi kujua maji yako wapi wakati wa kiangazi, na mtawala gani anadai hongo kiasi gani. Ilibidi kujua pia kwamba shanga zinazopendwa katika nchi moja hazipokelewi katika nchi ya pili, na kwamba merikani na kaniki havina thamani moja kila mahali. Aliyekosea aina ya shanga alirudi na mzigo wake, na gharama ya wapagazi ikamla.

Habari hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa vichwani mwa watu wachache, nao walikuwa na kila sababu ya kuzificha. Kijana wa Kera alizipata kwa kufanya kazi. Kidogo kidogo akaanza kutuma mizigo yake mwenyewe na kufungua matawi, yakiwemo ya Tabora na Ujiji. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya biashara ya misafara ikaangukia mikononi mwa Allidina.

Kwa maneno mengine, yeye mwenyewe alikuwa karani aliyeondoka na maarifa ya mwajiri wake. Huenda ndiyo sababu hakuwahi kuwaogopa makarani wake.

Reli na Kampala

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Allidina aliitazama Uganda. Kampala ya wakati huo ilikuwa kituo kidogo cha Waingereza kando ya makao ya Kabaka. Fedha ya sokoni ilikuwa kauri, yaani simbi, na hadi leo Waganda huita pesa ensimbi. Bidhaa zilifika kwa vichwa vya wapagazi, na gharama ya kubeba ilizidi mara nyingi bei ya bidhaa yenyewe.

Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kadiri reli ilivyosonga, maduka ya Allidina yalisogea nayo. Mombasa ikawa makao yake makuu, Kisumu kituo cha kupokelea mzigo, na Kampala, Entebbe na Jinja vituo vya kusambaza. Ikumbukwe kwamba reli yenyewe haikufika Kampala hadi mwaka 1931, kwa hiyo mzigo uliteremshwa Kisumu na kuvushwa ziwani. Allidina hakutaka kutegemea vyombo vya wengine, akawa na vyombo vyake vya majini na njia zake za nchi kavu.

Kutoka Kampala matawi yalielekea Toro na Bunyoro, kaskazini kufuata mto Nile hadi Sudan ya Kusini ya leo, na magharibi hadi Kongo. Idadi ya maduka hutajwa kwa namna mbalimbali. Wapo wanaosema 170 na wapo wanaozidisha 200. Ni mtandao ambao kampuni nyingi za leo zenye kompyuta na simu hazina.

Mahali ambapo hapakuwa na benki, duka la Allidina lilifanya kazi ya benki. Maofisa wa serikali katika vituo vya mbali walipata fedha kupitia maduka yake, na mzigo wa serikali ulibebwa naye. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Darasa la mali kauli

Sasa tuje kwenye kiini cha habari hii. Maduka zaidi ya 100 hayawezi kusimamiwa na mtu mmoja. Allidina aliwaleta vijana kutoka Kutch na Kathiawar, wengi wao wakiwa wa jamii yake au wa vijiji vya jirani. Kijana alianza kama karani katika duka kubwa. Alijifunza kupima, kuandika hesabu, kuzungumza Kiswahili na lugha ya mahali, na kutofautisha ngozi nzuri na mbovu, ufuta mkavu na uliolowa.

Kijana akishaiva, hakuzuiliwa. Alipewa bidhaa kwa mali kauli, akaenda kufungua duka mahali ambapo hapakuwa na duka. Kule aliuza vitambaa, chumvi na vyombo vya bati, akanunua ngozi, nta, ufuta, karanga, pilipili na pembe, na kuvituma kwa tajiri wake. Hesabu ilifungwa, deni likapunguzwa, mzigo mpya ukatoka.

Ukitazama kwa jicho la kiuchumi, hapo Allidina alikuwa anazalisha washindani kwa mkono wake. Kila karani aliyeondoka alikuwa anajua bei ya kununulia, faida ya tajiri, na wateja wake. Wengi wao walijitegemea kabisa baadaye, na si kitu cha kificho kwamba nyumba nyingi za biashara za Waasia katika Afrika Mashariki zilianzia kwenye kaunta ya Allidina Visram.

Kwa nini basi hakufilisika? Jibu ni kwamba aligawa aina moja ya maarifa na kubaki na nyingine. Maarifa ya dukani, yaani namna ya kuuza, kununua na kumjua mteja, hayakuwezekana kufungiwa, yangevuja tu. Hayo aliyatoa kwa hiari, tena mapema. Lakini karani aliyeondoka na maarifa hayo bado alihitaji bidhaa za jumla, chombo cha kuvusha mzigo, mnunuzi wa mazao yake, na mtu wa kumwamini kwa miezi sita bila malipo. Vyote hivyo alikuwa navyo Allidina. Kwa hiyo karani alipogeuka mshindani, aligeuka pia mteja. Alishindana na Allidina kwenye rejareja na kumlisha kwenye jumla.

Tena kulikuwa na faida ya pili. Duka la ndani kabisa lilikuwa jicho. Mavuno yakiwa mazuri Bunyoro, au bei ya pembe ikipanda upande wa Kongo, habari ilirudi Kampala pamoja na mzigo. Karani aliyeondoka kwa amani aliendelea kuleta habari. Angefukuzwa kwa ugomvi, angezipeleka kwa mwingine.

Nilipokuwa nasoma uchumi tulifundishwa hoja ya mwanauchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliyeiandika mwaka 1962. Habari ni bidhaa ya ajabu: mnunuzi hawezi kujua thamani yake mpaka aione, na akishaiona hana tena sababu ya kuilipia. Kila anayeingia ubia anakutana na tatizo hilo siku ya kwanza. Allidina hakusoma vitabu hivyo, lakini alilitatua kivitendo. Hakujaribu kuuza habari. Aliitoa bure, akauza vitu vinavyohitajika ili habari hiyo ilete faida.

Somo la pamba

Allidina hakubaki dukani tu. Aliingiza fedha katika viwanda na mashamba: vinu vya mafuta, mashine za kupasua mbao, kiwanda cha soda, na viwanda vya kuchambua pamba. Hadi mwaka 1909 alikuwa na mashamba makubwa saba yenye wafanyakazi wapatao 3,000, akijaribu mpira, miwa na mazao mengine. Majaribio hayo yalionwa na kila mtu, na waliokuja nyuma walijua lipi la kufuata na lipi la kuacha bila kulipa gharama ya kujaribu.

Lakini ni pamba iliyoonyesha upande mwingine wa kusambaa kwa maarifa. Mwaka 1903 Kampuni ya Uganda, iliyokuwa na uhusiano na wamisionari wa Kianglikana, ilimtumia Kristen Borup kuleta mbegu za pamba na kuzigawa kwa machifu. Mbegu zilikuwa za aina tofauti. Zao likapokelewa kwa kasi, na elimu ya kulilima ikaenea kuliko ilivyotarajiwa. Mashine ndogo za mkono za kuchambua pamba nazo zikaenea.

Matokeo yake mbegu zikachanganyika, nyuzi ndefu zikakaa na fupi katika robota moja, na wanunuzi wa Uingereza wakalalamika. Mkulima mzuri na mbaya wakalipwa sawa, yaani vibaya. Mwaka 1908 serikali ilipitisha sheria ya pamba: mbegu ya aina moja, na mashine za mkono zikapigwa marufuku.

Hapa kuna jambo la kupima. Sheria hiyo iliokoa jina la pamba ya Uganda sokoni. Lakini pia iliwafungia mlango wakulima waliokuwa wameanza kuchambua wenyewe, na kazi yenye faida zaidi ikabaki kwa wenye mtaji wa kiwanda, Wazungu na Waasia, akiwemo Allidina. Kanuni za ubora zina mwenyewe. Anayeziandika huchagua nani aingie na nani abaki nje.

Maarifa yalipokwama

Darasa la Allidina lilikuwa na kasoro kubwa. Milango yake ilifunguka kwa ukoo na jamii. Mganda au Mnyoro alikuwa mteja, mpagazi, mwuzaji wa mazao au kibarua shambani, lakini ni mara chache alikuwa karani wa kupewa mali kauli na kufunguliwa duka. Lawama si zake peke yake. Serikali ya kikoloni iliupanga uchumi kwa madaraja ya rangi, na uaminifu wa wakati huo ulijengwa juu ya undugu kwa sababu mahakama zilikuwa mbali. Mdaiwa akikimbia, baba yake alijulikana kijijini Kutch.

Hata hivyo, gharama ilikuja baadaye. Katika machafuko ya Buganda ya mwaka 1949, moja ya madai ya wakulima lilikuwa haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Ni katika miaka ya 1950 tu ambapo vyama vya ushirika vilianza kupata viwanda vya kuchambua pamba. Na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, maduka yaligawiwa kwa wenye maduka wapya. Rafu zilipokelewa, funguo zilipokelewa, lakini mahusiano na wauzaji wa nje, hesabu za mikopo na ujuzi wa kuagiza mzigo vilikuwa vimepanda ndege. Rafu nyingi zilibaki tupu kwa muda mrefu. Nchi nzima ililipa gharama ya maarifa yaliyokuwa yamezunguka ndani ya duara dogo.

Kilichozikwa naye

Allidina alifariki Mombasa tarehe 30 Juni 1916, akiwa na umri wa miaka 65 hivi, baada ya kuugua homa aliyoipata katika safari ya Kongo. Angalia vizuri jambo hilo: mzee mwenye mamia ya watu chini yake bado alikuwa anasafiri mwenyewe kwenda Kongo kukagua biashara.

Hapo ndipo penye funzo la pili. Kila karani alijua duka lake. Ni Allidina peke yake aliyejua maduka yote. Nani anaaminika kwa kiasi gani, deni gani linadaiwa na lipi limeshakufa, ahadi gani ilitolewa kwa ofisa gani, yote yalimwendea yeye.

Mwanawe Abdulrasul alirithi mali, lakini kurithi mali na kurithi uzoefu wa miaka 50 ni vitu viwili. Wakati nao ulikuwa mbaya. Vita Kuu ilikuwa inaendelea, kisha ukaja msukosuko wa bei za mazao. Mwaka 1920 thamani ya rupia ilipandishwa kutoka shilingi moja na peni nne hadi shilingi mbili za Uingereza, na punde baadaye shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi yake. Aliyekuwa na deni la rupia alijikuta deni lake limepanda kwa nusu nzima kwa hesabu ya paundi, wakati mazao yake yakiuzwa kwa bei ya chini. Biashara iliyojengwa juu ya mali kauli iliumia pande zote.

Abdulrasul alifariki mwaka 1923. Baada ya hapo nyumba ya Allidina Visram ikasambaratika, na mali zake zikaenda kwa wengine. Kilichobaki ni shule ya sekondari ya Mombasa yenye jina lake, iliyojengwa kwa fedha za mwanawe, na sanamu yake pale Treasury Square.

Kwa maoni yangu, kampuni hiyo haikuuawa na makarani walioondoka na siri. Wale waliendelea kununua kwake hadi mwisho. Iliumizwa zaidi na siri ambayo haikuwahi kuvuja hata kwa warithi: namna ya kuliendesha jumba zima.

Mafunzo kwa mfanyabiashara na msafirishaji wa leo

Kwanza, tenganisha. Kaa chini uandike yale yanayovuja kwa vyovyote, kama bei, njia na majina ya wateja, na yale yasiyoondoka na mtu, kama ghala, mkopo wa mwuzaji, magari na jina zuri barabarani. Ubia wowote ukuachie hayo ya pili.

Pili, tumia sheria. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Siri za Biashara ya mwaka 2009. Lakini sheria ya namna hiyo humlinda yule aliyechukua hatua za kulinda siri yake. Orodha ya wateja iliyobandikwa ukutani si siri mbele ya hakimu. Mkataba wa ubia useme habari gani ni ya nani, na itatumikaje ubia ukivunjika. Uandikwe kabla ya kufungua daftari, kwa sababu mbia akishaona hawezi kusahau.

Tatu, mfanyakazi anayetaka kuondoka mpe njia ya kubaki mteja wako. Mpe mzigo kwa masharti yanayoeleweka, muda wa kulipa na eneo la kuuzia. Kumkatalia hakumzuii, kunampeleka kwa mshindani wako akiwa na hasira.

Nne, usifunge darasa ndani ya ukoo. Leo kuna mikataba, benki na mahakama ambazo Allidina hakuwa nazo. Mpakani hasa, mshirika wa Kisumu, Mwanza au Bukavu asiye ndugu yako ndiye mwenye habari usizokuwa nazo.

Tano, na hili ni kwa wenye kampuni walio juu ya miaka 50: ikiwa kesho utalazwa hospitali, je, kuna mtu mwingine anayejua nani anakudai na nani unamdai? Kama hakuna, basi unachokiita siri ya biashara ni mlango wa kufilisika ambao bado haujafunguliwa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kijana anayeingia dukani kwako leo anakuja kuchukua ujuzi, na mwisho wa yote atauchukua. Allidina Visram alilikubali hilo tangu mwanzo, akalipangia hesabu, na Kampala ikakua kwa hesabu hiyo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba yeye mwenyewe hataondoka.